Pullman, Walipochimba Uwanja

Nilifika Pullman mwezi Agosti 1977, wakati wa mavuno. Mimi ni mtoto wa Uasin Gishu, nimekulia Moiben ambako ngano ndiyo kalenda, lakini ngano ya Palouse, eneo la vilima linaloizunguka Pullman, ilinipiga butwaa. Ilipanda vilima, ikateremka mabondeni, ikapanda tena, mpaka macho yakachoka kuifuata. Mashine za kuvunia zilikuwa zimejiinamia ubavuni mwa vilima kama ng'ombe malishoni. Katikati ya mashamba hayo ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, kiasi cha kilomita 120 kusini mwa Spokane, karibu kabisa na mpaka wa Idaho.

Nilikwenda kusoma kilimo. Hilo nililieleza mara nyingi, maana pale mjini ukisema unatoka Kenya watu walikutazama miguu. Hawakuwa na kosa. Mwezi Juni mwaka ule ule Samson Kimobwa, mwanafunzi wa chuo hicho, alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kule Helsinki kwa dakika 27 na sekunde 30.5. John Ngeno alikuwa amepita pale kabla yake. Joshua Kimeto alikuwapo. Na alikuwapo Henry Rono kutoka Nandi, ambaye dunia ilikuwa bado haijamjua vizuri. Kocha wao, John Chaplin, alikuwa amewahi kukimbilia chuo kile kile katika ujana wake, na aliichukua timu mwaka 1973.

Ada yangu ililipwa na wafadhili, lakini matumizi yalikuwa juu yangu, basi nikatafuta kazi ya wanafunzi. Nikaipata katika chumba cha vifaa, kwenye jengo la michezo liitwalo Bohler. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea taulo na jezi chafu, kuzifua, kuzikunja, kuhesabu viatu vya misumari, kupanga kofia ngumu za wachezaji wa mpira wa Kimarekani, na kuandika kila kitu kwenye daftari. Msimamizi wetu alikuwa mzee wa Kimarekani mwenye sauti ya chini. Mtu akimletea soksi moja badala ya mbili, hakumkaripia. Alimtazama tu mpaka aende kuitafuta ya pili.

Ni mzee huyo aliyenifungua macho. Mimi nilidhani wakubwa wa michezo waliokuwa ofisini wameteuliwa kama wanavyoteuliwa wakubwa wa kwetu, kwa barua kutoka juu. Jioni moja tukikunja taulo, akaanza kunitajia mmoja mmoja alikotoka. Yule alikuwa mchezaji, akaumia goti, akawa karani wa tiketi. Yule alifundisha shule ya sekondari kijijini, akaja kuwa kocha msaidizi. Yule wa mahesabu alianza humu humu, akikunja taulo kama wewe. Kisha akaniambia, "Kijana, ukitaka kujua nani atakuwa mkurugenzi baada ya miaka ishirini, watazame wanaobeba viti leo."

Nilianza kuwatazama.

Jina la jengo lile peke yake lilikuwa na somo. J. Fred Bohler alifundisha mpira wa vikapu pale tangu 1908 hadi 1926, na akawa mkurugenzi wa michezo kwa miaka mingi. Zama zake kocha na mkurugenzi walikuwa mtu mmoja: asubuhi anapiga kipenga, mchana anaandika barua za kupanga mechi, jioni anahesabu mapato ya mlangoni. Kufikia wakati wangu kazi ilikuwa imepasuka vipande vipande. Palikuwa na mtu wa tiketi, mtu wa habari, mtu wa viwanja, mtu wa kanuni za NCAA, yaani shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, na palikuwa na watu wa kutafuta fedha. Juu yao wote alikaa mkurugenzi, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuamua nani apate na nani angoje.

Mkurugenzi wa miaka yangu alikuwa Sam Jankovich. Alitoka Butte, mji wa machimbo ya shaba katika jimbo la Montana. Alicheza mpira wa Kimarekani, akafundisha timu ya shule, akaja Pullman kama msaidizi wa kocha Jim Sweeney, kisha akaacha uwanja na kuingia ofisini. Mwaka 1976 akakabidhiwa ukurugenzi. Mimi nilimwona kwa mbali, kama mfanyakazi wa chini anavyomwona mkubwa: kwenye korido, kwenye karamu za wafadhili tulikobeba viti na meza, pembeni mwa uwanja siku ya mechi. Lakini mambo aliyokabiliana nayo yaliteremka mpaka chumbani kwetu, kwa sababu kila anapobadilika kocha, hubadilika na jezi.

Na makocha walibadilika. Sweeney aliondoka baada ya msimu wa 1975. Jackie Sherrill akaja 1976, akakaa msimu mmoja, akaenda Pittsburgh. Warren Powers akaja 1977, akakaa msimu mmoja, akaenda Missouri. Mwaka 1978 akaingia Jim Walden, na huyo akatulia. Fikiria mkurugenzi mpya anayelazimika kutafuta kocha wa mchezo mkubwa kuliko yote chuoni mara mbili mfululizo, katika mji mdogo wa wakulima, huku vyuo tajiri vya California vikiwa katika ligi moja naye. Wafadhili wanapiga simu. Wachezaji waliosajiliwa na kocha wa jana hawamjui kocha wa leo. Mzee wetu wa vifaa alisema hapo ndipo mkurugenzi anapojulikana, kwa sababu kocha akishinda sifa ni zake, na kocha akikimbia lawama ni za mkurugenzi.

Mwaka 1978 ulikuwa wa Rono. Tarehe 8 Aprili, Berkeley, mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 8.4. Tarehe 13 Mei, Seattle, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, dakika 8 na sekunde 5.4. Tarehe 11 Juni, Vienna, mita 10,000, dakika 27 na sekunde 22.5, akiifuta rekodi ya Kimobwa mwenzake. Tarehe 27 Juni, Oslo, mita 3,000, dakika 7 na sekunde 32.1. Rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Hakuna mtu aliyefanya hivyo kabla yake katika mbio hizo, na sijaona aliyefanya baadaye. Habari za Vienna na Oslo zilitufikia kwa redio na magazeti. Sisi Wakenya wachache wa Pullman, Mluhya, Mnandi, Mkikuyu, tulikutana jikoni kwa rafiki yetu mmoja, tukasonga ugali wa unga wa mahindi wa Kimarekani uliokataa kushikana vizuri, tukala, tukazungumza Kiswahili mpaka usiku wa manane.

Nimeulizwa mara nyingi kama chuo kiligeuka cha riadha baada ya hapo. Hakikugeuka. Na hapa ndipo nilipoelewa kazi ya mkurugenzi, nikaielewa kwa uchungu.

Uwanja wa Martin, uliofunguliwa 1972, ulikuwa na njia ya kukimbilia kuzunguka uwanja wa mpira, kama viwanja vingi vya kwetu. Watazamaji wa mpira walikaa mbali na mchezo, na viti vilikuwa vichache kwa ligi ile. Timu ngeni ilipata mgao wa mapato ya mlangoni, kwa hiyo uwanja mdogo ulimaanisha mgao mdogo, na wakubwa wa ligi hawakupenda safari ya Pullman. Baadhi ya mechi za nyumbani zilikuwa zikichezewa Spokane. Aidha, mwaka 1978 ligi yenyewe ilipanuka kutoka vyuo vinane hadi kumi, Arizona na Arizona State walipoingia. Ilikuwa ama kuongeza viti, ama kuachwa nyuma.

Wakaamua kuchimba. Msimu wa 1978 ulipokwisha, mashine ziliingia uwanjani. Njia ya kukimbilia iling'olewa. Ardhi ikashushwa futi 16, karibu mita tano, na mahali pale pakaongezwa viti 12,000, mpaka uwanja ukawa unachukua watu karibu 40,000, katika mji ambao wakazi wake wote, na wanafunzi ukiwajumlisha, wasingeujaza. Fedha zilichangwa na wapenzi wa chuo, wakiwamo wakulima wa ngano niliowabebea viti. Nilisimama kwenye ukingo wa lile shimo siku ya baridi kali, pamoja na mmoja wa wakimbiaji wetu. Hakusema neno kwa muda. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Ndugu yangu, na sisi watatuweka wapi?"

Chuo ambacho miezi michache nyuma mwanafunzi wake alivunja rekodi za dunia mara nne kiling'oa njia yake ya mbio ili kuongeza viti vya mpira. Nilikasirika. Nilibeba hasira hiyo hadi chumbani nikaimwaga mbele ya mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari la vifaa, akaanza kunisomea: taulo za timu ya mbio, safari za timu ya mbio, viatu vya timu ya mbio, ndege ya kwenda mashindano ya taifa. Kisha akaniuliza fedha hizo hutoka wapi. Sikujibu kwa kuwa jibu nililijua. Riadha haikuwa ikiuza tiketi za kutosha hata kulipia sabuni yetu. Kilichomlisha mkimbiaji kilikuwa kiti cha mtazamaji wa mpira. Njia mpya ya kukimbilia ilijengwa mahali pengine chuoni, ikapewa jina la Jack Mooberry, kocha aliyemtangulia Chaplin. Timu haikufa. Mwaka 1979 Rono alitwaa tena ubingwa wa vyuo wa mbio za nyika, wa tatu wake baada ya ule wa 1976 na ule wa 1977.

Naamini mpaka leo kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi. Naamini pia kwamba yule mkimbiaji alikuwa na haki ya kuuliza.

Mwaka huo huo wa 1979 swali la nani apate lilitoka katika korido za Bohler likaenda mahakamani. Wanamichezo wa kike na makocha wao walikishtaki chuo. Kesi ikapewa jina la mchezaji wa kwanza kwenye orodha, Karen Blair. Sheria ya taifa ya 1972 ilikuwa tayari imekataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali, na walalamikaji walisimama juu ya sheria za jimbo lao wenyewe. Mahakama ilikubali kwamba timu za wanawake zilikuwa zikipewa pungufu: fedha, ufadhili wa masomo, vifaa, matangazo. Jaji wa kwanza aliuweka mpira wa Kimarekani kando ya hesabu. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema hapana, mpira nao uhesabiwe, kwa sababu huwezi kupima usawa huku umeficha fungu kubwa kuliko yote. Kesi hiyo ilinifunza kitu ambacho daftari la mzee halikunifunza. Hesabu ya nani anayeleta fedha ni ya kweli, lakini chuo si duka, na iko hesabu ya pili, ya usawa. Mkurugenzi anayejua hesabu ya kwanza tu atapelekwa mahakamani na ya pili.

Jumapili ya tarehe 18 Mei 1980 mlima St. Helens ulilipuka upande wa magharibi wa jimbo. Mchana ukageuka giza Pullman, na majivu yakaanza kushuka kimya kimya, ya kijivu, laini kuliko unga wa muhogo. Siku zilizofuata kila mtu wa idara ya michezo alishika koleo. Nilifagia ngazi za uwanja pamoja na kocha msaidizi mmoja na karani wa tiketi. Yule karani alikuwa kijana wa umri wangu, mcheshi, ambaye kila mara alitaka kujua mambo ya idara nyingine: mkataba wa televisheni unaandikwaje, basi la timu linakodiwa kwa fedha gani, nani anazungumza na mzazi mchezaji anapovunjika mguu. Wengine walimwona mdaku. Mzee akaninong'oneza kwamba huyo ndiye wa kutazamwa.

Kiangazi hicho Kenya ilisusia Olimpiki ya Moscow, kama ilivyosusia ya Montreal 1976. Ng'ambo ya mpaka wa Idaho, mwendo wa kilomita kama 13 kutoka Pullman, kuna mji unaoitwa Moscow, na wakimbiaji wetu waliijua barabara yake kwa miguu. Ile Moscow nyingine hawakuiona. Rono, aliyekuwa na rekodi nne, hakupata kukimbia Olimpiki hata moja katika maisha yake. Alifariki Nairobi Februari 2024.

Nilimaliza masomo na kuondoka 1982, msimu mmoja tu baada ya timu ya Walden kufika Holiday Bowl, mchezo wa heshima wa baada ya msimu, wa kwanza wa aina hiyo kwa chuo kile tangu Rose Bowl ya Januari 1931. Walishindwa na Brigham Young kwa pointi 38 kwa 36, lakini shimo lile nililolinunia lilikuwa limejaa watu msimu mzima. Nikiwa nyumbani niliendelea kufuatilia safari za wale watu. Jankovich aliondoka 1983 kwenda Chuo Kikuu cha Miami, na timu ya mpira ya chuo hicho ikatwaa ubingwa wa taifa 1983, 1987 na 1989, kila mara chini ya kocha tofauti. Yule wa tatu, Dennis Erickson, Jankovich alimtoa Pullman. Baadaye Jankovich akaenda kuongoza klabu ya kulipwa ya New England Patriots. George Raveling, kocha wetu wa mpira wa vikapu, mmoja wa makocha weusi wachache sana katika vyuo vikubwa wakati ule, alihamia Iowa, kisha Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, na mwishowe akawa mkubwa wa mpira wa vikapu wa kimataifa katika kampuni ya Nike. Bill Moos, aliyekuwa mchezaji wa mstari wa mbele pale mwanzoni mwa miaka ya 1970, alirudi Pullman kufanya kazi ya ofisini, akaenda kuwa mkurugenzi Montana, kisha Oregon, na mwaka 2010 akarudi kuwa mkurugenzi wa chuo alichokichezea. Ile ndiyo njia niliyoelezwa chumbani: mchezaji, msaidizi, naibu, mkurugenzi wa chuo kidogo, mkurugenzi wa chuo kikubwa. Siku hizi wengine huingia kwa shahada za biashara au sheria bila kupita uwanjani. Sina ugomvi nao. Ningependa tu kila mmoja wao akunje taulo msimu mmoja.

Mimi niliajiriwa na chuo kikuu kimoja hapa Kenya, kwanza upande wa mashamba. Baada ya miaka michache nikapewa idara ya michezo, kwa sababu nilikuwa mtu pekee kikaoni aliyekuwa akiuliza kuhusu michezo. Cheo kilikuwa kizuri. Ofisi ilikuwa na meza, mipira minne na kabati. Bajeti haikuwa mikononi mwangu, ilikuwa kwa idara ya wanafunzi, na kila basi la timu niliomba kwa barua. Sikuwa na karani wa tiketi kwa sababu hatukuuza tiketi. Sikuwa na mtu wa habari, na wanafunzi wenyewe hawakujua siku timu yao inapocheza. Wanariadha wetu bora walikuwa wakipanda ndege kwenda vyuo vya Marekani, na sikuweza kumlaumu hata mmoja, maana nilijua walikokuwa wakienda kuna nini.

Tulifanya tulichoweza. Nilianzisha chumba cha vifaa chenye daftari, na wanafunzi wakalipwa posho ndogo kukitunza. Mmoja wa wasichana waliokitunza sasa ni mkuu wa michezo katika chuo kingine, na amenizidi kwa mbali. Nchi yetu haikosi watu wa kazi hii. Mike Boit alipata shaba ya mita 800 Munich 1972, akasoma Marekani mpaka udaktari, akarudi kuwa Kamishna wa Michezo wa Kenya na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Philip Ndoo alikimbia vyuoni kule kule, akarudi kuandika habari za michezo. Watu hao walitengeneza njia wenyewe, kila mmoja na panga lake. Njia ya chuo, yenye ngazi zinazojulikana tangu chumba cha taulo hadi ofisi ya juu, bado hatuna.

Juni 2025 chuo changu cha zamani kilitangaza kwamba timu yake ya riadha itaegemea mbio ndefu, itaacha mashindano ya kuruka na kurusha, na kupunguza mbio fupi na za viunzi. Ligi waliyokuwamo ilikuwa imesambaratika, vyuo vikubwa vimekwenda kwingine, na fedha zimepungua. Mtu fulani katika ofisi ya Bohler, au popote ofisi hiyo ilipo sasa, alilazimika tena kuamua nani apate na nani akose. Niliwahurumia warusha mikuki na warukaji, na nilimhurumia pia aliyeamua.

Kwa manaibu chansela wetu nina ombi moja, na nimelitoa katika vikao vingi kabla ya kustaafu. Mnapoteua mkuu wa michezo, msimtafute mwalimu mwenye vipindi vichache ili kumjazia saa. Mtafuteni aliyebeba viti, aliyeandika daftari, aliyewahi kumwambia mchezaji hapana akamweleza sababu. Kisha mpeni kiti katika kikao cha bajeti, na mpeni bajeti yenyewe, hata iwe ndogo, aijibie kila shilingi kwa sahihi yake.